Jiko la Watu 200: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuanza Biashara ya Chakula cha Sherehe

Katika kata nyingi za Wilaya ya Hanang, kama ilivyo kwa majirani wa Mbulu, chakula cha sherehe kwa miaka mingi kilikuwa kazi ya ujirani. Siku mbili kabla ya harusi, akina mama wa kitongoji walikusanyika kuchambua mchele na kumenya vitunguu, vijana walipasua kuni na kuchota maji, na masufuria makubwa yaliazimwa kanisani, shuleni au kwa jirani aliyebahatika kuwa nayo. Desturi hiyo haijafa, na ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, kamati nyingi za harusi, kipaimara, ubatizo na mahafali, hasa katika miji kama Katesh, Endasak, Haydom na Mbulu, sasa hutafuta mtu wa kulipwa anayepika, kusafirisha, kupakua na kuosha vyombo, ili wenye sherehe wakae na wageni wao.

Nafasi hiyo imewavutia wanawake na vijana wengi, na si vigumu kuona sababu. Hakuna haja ya kuanza na jengo la mgahawa, wala kupika chakula bila kujua nani atakinunua. Mteja hufahamika mapema, idadi ya walaji hutajwa, na sehemu ya fedha inaweza kupokelewa kabla ya jiko kuwashwa. Pamoja na hayo, biashara hii ina ugumu wake. Fedha anayopokea mpishi ni michango ya watu: ndugu, wafanyakazi wenza, wanajumuiya na majirani waliotoa kidogo kidogo kwa miezi mitatu au minne. Pilau likiungua saa saba mchana, au chakula kikiisha wakati meza nne hazijahudumiwa, hakuna siku ya pili ya kusahihisha kosa. Na chakula kikiwa kimeharibika, wanaougua si wawili au watatu kama nyumbani, bali ukumbi mzima.

Wengi wanaoingia katika kazi hii wanajua kupika. Wanaoshindwa, mara nyingi huangushwa na mambo matatu yaliyo nje ya sufuria: hesabu isiyoandikwa, makubaliano ya mdomo na uzembe wa usafi. Makala haya yanaeleza mambo hayo pamoja na taratibu za usajili, leseni na mikopo ambazo mkazi wa kata yoyote anaweza kuzifuata.

KUJUA SOKO NA MISIMU YAKE

Kazi za chakula cha sherehe hazigawanyiki sawasawa katika mwaka. Ndoa nyingi hufungwa baada ya mavuno, kuanzia Juni, wakati kaya zina mahindi, mbaazi na ngano za kuuza. Septemba na Oktoba ni miezi ya mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne. Desemba huwarudisha nyumbani watu waishio mijini, na sherehe nyingi za familia hupangwa wakati huo. Kinyume chake, katika kipindi cha Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, na miezi ya kulima na kupanda huwa na fedha chache mifukoni. Anayeanza bila kuijua kalenda hii huona fedha nyingi Julai, akazitumia zote, kisha akakosa nauli Machi. Busara ni kutenga akiba kutoka kila kazi ya msimu wa juu ili kuvuka msimu wa chini.

Zipo pia kazi zisizofuata msimu: vikao, semina, mikutano ya vyama vya ushirika, na misiba. Wakazi wa Hanang hawajasahau tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yalipoupiga mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom. Familia zilizopoteza makazi zilihitaji chakula kila siku, tena kilicho safi. Katika furaha na katika majonzi, mtu anayeweza kulisha umati kwa utaratibu ni tegemeo la jamii yake.

Anayeanza hashauriwi kukimbilia harusi ya watu 500. Ubatizo wa watu 50, komunyo ya watu 80 au kikao cha watu 30 hutosha kufundisha mahali makosa yanapojificha, tena kwa hasara ndogo.

NYARAKA, MOJA BAADA YA NYINGINE

Hatua ya kwanza ni namba ya mlipakodi, yaani TIN, inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila malipo kwa mwenye namba ya kitambulisho cha taifa. Mwombaji hueleza aina ya biashara na mahali ilipo, na TRA humkadiria kodi. Kwa mfanyabiashara mdogo, makadirio hutegemea mauzo ya mwaka. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato kwa utaratibu huo wa makadirio. Kutunza daftari la mauzo na matumizi tangu siku ya kwanza ni kinga ya mfanyabiashara mwenyewe, kwa kuwa asiye na kumbukumbu hana la kuonyesha anapodhani amekadiriwa kupita kiasi.

Hatua ya pili, kwa anayetaka kutumia jina la biashara lisilo jina lake mwenyewe, ni kulisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kupitia mfumo wake wa mtandao. Jina lililosajiliwa hurahisisha kufungua akaunti ya benki ya biashara na kuaminiwa na taasisi.

Hatua ya tatu ni leseni ya biashara. Kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Biashara, Sura ya 208, biashara za kiwango hiki hupewa leseni na halmashauri. Maombi huwasilishwa kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa TAUSI. Asiyekuwa na simu janja au kompyuta anaweza kufika kwa Afisa Biashara wa Halmashauri na kuelekezwa. Mwombaji huandaa TIN, uthibitisho wa TRA kuhusu kodi, na mkataba wa pango au uthibitisho wa umiliki wa eneo anakopikia. Malipo yote ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwananchi asimpe mtumishi yeyote fedha taslimu mkononi, na adai risiti ya malipo hayo.

Hatua ya nne ni ukaguzi wa afya, ambao kwa biashara hii ndio wenye uzito kuliko zote.

AFYA YA WALAJI HAINA MBADALA

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa Afisa Afya mamlaka ya kukagua mahali chakula kinapoandaliwa. Tangu mwaka 2019, majukumu ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya iliyokuwa TFDA yalihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kwa mkazi wa kata, mlango wa kwanza wa kubisha ni ule ule wa Afisa Afya wa Kata. Huyu hukagua jiko, chanzo cha maji, choo, shimo la taka na mahali pa kuhifadhi nafaka, na hueleza kinachopaswa kurekebishwa kabla biashara haijaanza. Kila anayegusa chakula, akiwemo kijana anayebeba sahani kwa siku moja tu, anapaswa kuwa amepimwa afya, na kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miezi 6.

Shirika la Afya Duniani limefupisha usalama wa chakula katika mambo matano: usafi, kutenganisha chakula kibichi na kilichopikwa, kupika hadi kuiva kabisa, kuhifadhi chakula katika joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Katika sherehe za maeneo haya, jambo la nne ndilo linalosahaulika zaidi.

Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje kwa zaidi ya saa 2 bila kuhifadhiwa ipasavyo. Chakula cha moto kibaki katika joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi, na cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5. Kati ya viwango hivyo viwili, vijidudu huongezeka kwa kasi. Wapo wanaoamini kwamba baridi ya Juni na Julai katika nyanda hizi ni jokofu la kutosha. Imani hiyo ni ya hatari. Sufuria kubwa ya nyama iliyopikwa usiku hupoa juu na pembeni tu. Katikati hubaki vuguvugu hadi asubuhi, na huko ndiko vijidudu hustawi. Wali nao una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi kwa kuchemshwa. Ukiachwa katika uvuguvugu, vijidudu hivyo hutoa sumu ambayo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Kwa hiyo kiporo cha wali wa jana hakina nafasi katika meza ya wageni. Kazi za usiku ziwe kuchambua, kumenya na kupanga. Mapishi ya wali na nyama yafanyike alfajiri ya siku yenyewe.

Mwinuko wa eneo nao una la kusema. Katesh na Mbulu ziko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, kwa kiasi cha nyuzi 94 au 95 hivi. Ndiyo maana maharage, makande na nyama ya ng'ombe mzee huchukua muda mrefu zaidi kuiva hapa kuliko Dar es Salaam au Tanga. Mpishi anayefuata muda alioufundishwa mahali pa joto atachelewesha harusi au atapakua maharage mabichi. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, na muda wa kupika uongezwe katika ratiba.

Malighafi pia zinahitaji macho. Mwaka 2016 watu 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo yasinunuliwe, hata bei yake ikiwa nusu. Nyama iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri na mtaalamu wa mifugo. Mbuzi au ng'ombe wa sherehe achunguzwe kabla na baada ya kuchinjwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe asipikwe kamwe, kwa kuwa kimeta humfikia binadamu kwa njia hiyo hiyo.

Desturi moja nzuri haigharimu kitu: kutunza kiasi kidogo cha kila chakula kilichopakuliwa, ndani ya chombo safi chenye mfuniko, katika jokofu, kwa saa 48 au zaidi. Likitokea tatizo, sampuli hiyo humsaidia Afisa Afya kupata ukweli. Humsaidia pia mpishi asiyekuwa na hatia kujitetea.

HESABU YA SAHANI MOJA

Bei ya chakula cha sherehe hutajwa kwa sahani, yaani kwa kila mlaji. Kosa la kawaida ni kuuliza jirani anatoza kiasi gani, kisha kupunguza shilingi 500 ili kumpata mteja. Bei ya haki huanzia kwenye gharama.

Mfano ufuatao unahusu kikundi cha watu watano kilichopata kazi ya wageni 200 kwa shilingi 8,000 kila sahani, sawa na shilingi 1,600,000. Bei zilizotumika ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za soko lake, kwa kuwa bei za Katesh, Basotu na Haydom hazifanani, wala bei za Juni hazifanani na za Februari.

Kilo moja ya mchele hulisha watu 6 hadi 8, hivyo watu 200 huhitaji takriban kilo 30: shilingi 90,000. Nyama ya kutosha robo pungufu kidogo kwa kila mtu, kilo 40, ni shilingi 400,000. Maharage kilo 12 ni shilingi 36,000. Ndizi, viazi, mboga na matunda ni shilingi 120,000. Mafuta, viungo na chumvi ni shilingi 64,000. Maji ya kunywa chupa 200 ni shilingi 100,000. Jumla ya vyakula na maji ni shilingi 810,000, sawa na shilingi 4,050 kwa kila mlaji.

Gesi au nishati nyingine ni shilingi 60,000, na usafiri shilingi 80,000. Wapishi 3 kwa shilingi 25,000 kila mmoja ni shilingi 75,000. Wahudumu 8, yaani mmoja kwa kila wageni 25, kwa shilingi 15,000 kila mmoja ni shilingi 120,000. Kukodi vyombo ni shilingi 100,000. Dharura, kama sahani zilizovunjika au gari kukwama kwenye matope, zitengewe shilingi 75,000. Gharama zote zinafikia shilingi 1,320,000, na kinachobaki ni shilingi 280,000.

Kiasi hicho ndicho kinachopaswa kurejesha mkopo, kununua sufuria jipya na kuwapa wanakikundi gawio. Sasa tuseme wamefika wageni 240 badala ya 200, na mpishi, kwa kuona haya, amewalisha wote bila makubaliano. Watu 40 kwa shilingi 4,050 ni shilingi 162,000. Zaidi ya nusu ya faida imeondoka mchana mmoja, kabla ya kuhesabu wahudumu wa ziada. Jambo hilo likijirudia katika sherehe tatu au nne, kikundi hubaki na sifa nzuri na daftari lenye madeni.

Vyakula vya hapa hapa vinaweza kupunguza gharama na kuongeza ladha. Vitunguu saumu vya Bashay, Mbulu, vinajulikana nchini. Vitunguu maji hulimwa kwa wingi Mang'ola, wilayani Karatu. Ngano ya Hanang hutoa unga wa chapati na maandazi. Na Ziwa Basotu lina samaki. Anayenunua moja kwa moja kwa mkulima au mnadani, tena wakati wa mavuno, na akahifadhi vizuri, hupata nafasi ya kupumua katika bei yake.

MAKUBALIANO YAANDIKWE

Katika jamii ambayo mpishi na mwenye sherehe husali pamoja au wanatoka ukoo mmoja, kudai karatasi huonekana kama kutoaminiana. Ukweli ni kinyume chake: karatasi hulinda undugu. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha, mradi yataje tarehe na mahali. Idadi ya wageni. Aina za vyakula na vinywaji. Saa ya kupakua. Nani analeta maji, viti na mahema. Bei kwa sahani. Na malipo yatakavyofanyika. Yasainiwe na mwenyekiti au mweka hazina wa kamati, si na kila mjumbe anayepiga simu.

Malipo ya awali ndiyo roho ya makubaliano hayo. Katika mfano uliotolewa, asilimia 60 ni shilingi 960,000. Kiasi hicho kinatosha kulipia vyakula, nishati na usafiri, ambavyo kwa pamoja ni shilingi 950,000. Asiyepokea malipo ya awali hulazimika kukopa ili kuifadhili harusi ya mtu mwingine. Baki lilipwe kabla ya sherehe au siku yenyewe kabla ya kupakua, kwa kuwa kamati nyingi huvunjika asubuhi ya siku inayofuata, na kumpata mweka hazina huwa kazi mpya.

Idadi ya mwisho ya wageni ithibitishwe siku 5 au 7 kabla. Mpishi aandae ziada ndogo, kwa mfano sahani 10 kwa kila 200, na karatasi ieleze kuwa wageni watakaozidi hapo watalipiwa kwa bei ile ile, kwa idhini ya mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Ieleze pia itakuwaje sherehe ikiahirishwa kwa msiba, jambo ambalo hutokea. Chakula kinachobaki ni mali ya aliyekilipia. Mhudumu kubeba mfuko wa nyama jioni, hata kwa nia njema, kumewavunjia wengi heshima. Ikiwa mwenye sherehe anataka kufungiwa chakula, vifungashio viandaliwe mapema, kwa kukumbuka kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

VYOMBO, NISHATI NA MAJI

Anayeanza hana sababu ya kununua sahani 300 kwa mkupuo. Kukodi vyombo kwa kazi za mwanzo humwonyesha ni vipi vinavyohitajika kila mara. Vya kununua kwanza ni vile visivyokodishwa kirahisi au vinavyogusa usalama: masufuria mawili makubwa yenye mifuniko, visu na mbao za kukatia zilizotengwa kwa nyama mbichi na mboga, ndoo za maji tiririka, vyombo vya kutunza joto, na kipimajoto cha chakula.

Kuhusu nishati, Serikali imeelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mpishi wa sherehe anayejifunza mapema kutumia majiko makubwa ya gesi au majiko banifu atakuwa tayari kufanya kazi na shule, hospitali na taasisi nyingine. Mitungi ya gesi ikae nje au mahali penye hewa, mbali na moto na watoto. Mipira ya gesi ikaguliwe kabla ya kila kazi. Na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, ifahamike kwa kila mfanyakazi.

Maji yapimwe kwa mahitaji halisi: ya kupikia, ya kunawa mikono na ya kuosha vyombo. Vijiji vingi havina bomba karibu na eneo la sherehe, hivyo tangi la kukodi au mapipa safi yaingizwe kwenye hesabu. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Mabaki ya chakula na maji machafu yasimwagwe kwenye mfereji wa jirani. Eneo liachwe safi kuliko lilivyokutwa.

MTAJI NA MAFUNZO

Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro zake, na ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10 nchini, ikiwemo ya Mji wa Mbulu, ziliteuliwa kuanza kwa majaribio kuitoa kupitia benki. Nyingine huitoa kupitia utaratibu wa halmashauri zenyewe.

Mlango wa mikopo hii ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, anayesaidia kikundi kujisajili na kueleza masharti ya umri, idadi ya wanakikundi na andiko la mradi. Andiko lenye hesabu ya sahani moja, kama ile ya mfano, humwonyesha mkopeshaji kuwa kikundi kinajua kinachofanya. Ikumbukwe kuwa mkopo huu si ruzuku. Fedha zinazorejeshwa ndizo zinazokopeshwa kwa kikundi kinachofuata, na wanakikundi hubeba dhamana kwa pamoja: mmoja akitoroka, wanne huulizwa. Kwa sababu hiyo, kikundi kiundwe na watu wanaofahamiana kikazi, wala si kwa kukusanya majina ya kutimiza idadi.

Anayehitaji mafunzo anaweza kuulizia kozi za mapishi katika vyuo vya VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwemo cha Tango kilichopo Mbulu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) hutoa ushauri na mafunzo ya ujasiriamali na usindikaji.

TAASISI ZA UMMA NI WATEJA PIA

Halmashauri, shule na vituo vya afya hununua huduma za chakula kwa vikao na mafunzo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni hutangazwa katika mfumo wa NeST, na kikundi kisichosajiliwa humo hakiwezi kuomba. Usajili ufanywe mapema, si siku zabuni inapotangazwa. Izingatiwe pia kuwa taasisi za umma kwa kawaida hulipa baada ya huduma, kwa ankara na risiti halali. Kikundi kisicho na akiba ya kuendesha kazi moja kwa fedha zake chenyewe kisubiri hadi kipate nguvu hiyo.

HATUA YA KUANZIA

Mkazi mwenye nia ya kuanza anashauriwa afike kwanza kwa Afisa Afya wa Kata na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, ambao hupatikana kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, kisha kwa Afisa Biashara wa Halmashauri. Ushauri wa maofisa hao hautozwi fedha. Aende na daftari lenye mambo manne: atapikia wapi, maji atayatoa wapi, sahani moja inamgharimu kiasi gani, na nani atafanya naye kazi. Akiweza kuyajibu hayo manne, kupika kwenyewe huenda ndiko kutakuwa sehemu rahisi ya safari yake. Na familia itakayomkabidhi michango ya ndugu na majirani itakuwa na sababu ya kulala usingizi usiku wa kuamkia sherehe.